Mtoto Uliyemkuta Njiani

(Muziki wa kufungulia. Unapungua, mtangazaji anaingia.)

Kama umekaa mlangoni unachambua maharage, endelea tu na kazi yako. Kama uko kwenye foleni ya maji na redio iko kwenye simu ya mwenzako, mwombe aongeze sauti kidogo. Leo nazungumza juu ya mtoto anayelala nyumbani kwako lakini hukumzaa.

Mnajua ninayemsema. Ni yule aliyekutwa amekaa peke yake mtumbwini, kila mtu akidhani ni wa mwenzake. Ni yule ambaye risasi zilipolia alikimbilia upande mmoja na mama yake upande mwingine. Ni mtoto wa jirani, mama yake akakwambia, "Nishikie huyu, narudi kumchukua mdogo wake," akarudi kule na hukumwona tena. Mwaka 2023, maelfu ya ndugu zetu walipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo, watoto wa namna hiyo walikuwemo. Waliokuja mwaka 1996 wanaikumbuka hadithi hiyo, na Warundi waliokimbia mwaka 2015 wanaikumbuka yao.

Wengi wenu hamkungoja shirika lije na karatasi. Mlimshika mkono, mkagawana naye kipande cha muhogo, mkafika naye hapa. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha huruma, maana mnayo. Nimekuja kuzungumzia kitu ambacho huruma peke yake haikifanyi, nacho ni kumtafutia huyo mtoto watu wake.

Kazi hiyo inaanza na kuandikisha. Mtoto aandikwe kama alivyo: jina lake, ametoka wapi, na kwamba wewe ni mlezi wake, siyo mzazi. Wanaohusika ni Wizara ya Mambo ya Ndani na UNHCR pale panapoandikishwa wakimbizi, pamoja na wafanyakazi wa ulinzi wa mtoto. Kama hujui uanzie wapi, mwambie kiongozi wa kijiji chako au wa zoni akupeleke. Kuandikisha hakulipiwi. Kumtafuta mzazi kupitia Msalaba Mwekundu nako hakulipiwi, hata shilingi moja. Atakayekudai pesa ya soda ili jina la mtoto lipelekwe mbele, huyo ni mwizi.

Sasa najua kuna mama ananisikiliza anasema moyoni, "Kijana huyu anaongea, lakini nikimwandikisha watamchukua." Hofu hiyo siidharau. Naisikia karibu kila wiki, na huwa inasemwa kwa sauti ya chini. Nitaijibu polepole.

Kanuni inayofuatwa na wanaofanya kazi hii ni kwamba mtoto anakua vizuri zaidi ndani ya familia kuliko ndani ya kituo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka mtoto aliyetengana na wazazi apewe ulinzi na malezi mengine, na ibara yake ya 22 inamtaja mtoto mkimbizi moja kwa moja, pamoja na wajibu wa kumsaidia apate wazazi wake. Mtoto akiwa kwako, anakula, anasoma, ana mahali pa kulala na hana alama za kipigo, hakuna sababu ya kumtoa leo ili kesho atafutiwe nyumba nyingine. Watakuja kukutembelea, ndiyo. Watataka kuongea na mtoto peke yake, ndiyo, na usikasirike. Ukikuta mtu ameketi chini ya mwembe na mtoto wako wa kulea anamuuliza maswali, hajaja kukushtaki. Kuna vitu ambavyo mtoto hawezi kusema mbele ya mtu anayempa chakula, hata kama mtu huyo ni mwema.

Wapo wanaochukuliwa, nisifiche. Anachukuliwa mtoto anayepigwa, anayefanywa mtumishi, anayeguswa mwili wake, binti anayetafutiwa mume kabla ya wakati. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na haimwachi nje aliyezaliwa Fizi au Makamba. Kama mambo hayo hayapo nyumbani kwako, hofu yako ipunguze.

Hofu nyingine ni ya kadi ya posho. Kuna watu walimwandika mtoto wa kumkuta kuwa ni wa kumzaa, wakifikiri ndiyo njia ya kumpatia unga. Sikiliza. Mtoto aliyeandikishwa kwa jina lake mwenyewe naye ni mkimbizi, naye anahesabiwa kwenye posho. Ukimbadilisha jina, humzidishii kilo ya unga, ila umemfunika. Mama yake akiwa hai, sehemu fulani, anamtafuta kwa jina ambalo alimpa yeye. Anauliza kwenye orodha, anaambiwa halipo. Kumbe mtoto yupo zoni ya nne, anaitwa kwa jina la ukoo wako.

Na siku ya mahojiano ya kuhamia nchi nyingine je? Mnajua jinsi yanavyokwenda. Mama anaulizwa chumba kimoja, mtoto chumba kingine. Wewe umesema ulimzaa hospitalini, yeye amesema mama alibaki kwenye mto. Maelezo yakipishana, faili linasimama, na linasimama la familia nzima. Zipo nchi zinazodai mpaka kipimo cha vinasaba. Lakini mlezi aliyejieleza kuwa mlezi tangu mwanzo hana cha kukimbia. Kama ulishaandikisha kwa namna hiyo ya kufunika, nenda urekebishe. Waeleze wafanyakazi wa ulinzi wa mtoto ilivyokuwa. Wameshayasikia mengi kuliko hilo.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwenye kazi ambayo wewe mwenyewe unaweza kuianza jioni ya leo, bila kibali cha mtu. Tafuta daftari. Hata lile la shule lililobaki kurasa kumi za mwisho.

Andika kila anachokisema mtoto juu ya kwao. Mtoto wa miaka 3 ukimuuliza mama yake anaitwa nani, atakujibu, "Anaitwa Mama." Usicheke ukaishia hapo. Muulize: watu wengine wakimwita mama yako, wanasemaje? Baba akimwita mama kutoka shambani, anaitaje? Nyumba yenu ilikuwa karibu na nini? Kanisani au msikitini? Mlichota maji wapi, mtoni au bombani? Mbuzi walikuwepo? Bibi anakaa hapo hapo au mnakwenda kwa mtumbwi? Mdogo wako anaitwaje, na jina la kubembelezwa ni lipi? Wimbo gani mama anaimba mdogo akilia? Mtoto hajui jina la kata, lakini anajua kwamba nyuma ya nyumba palikuwa na michikichi na kwamba jirani alikuwa fundi cherehani mwenye mguu mbovu. Mtu wa kijiji hicho akisikia habari ya fundi huyo, anajua ni wapi hapo.

Usimhoji kama polisi. Siku moja neno moja, siku nyingine mawili, wakati mnakoboa mahindi au mnarudi kuteka maji. Akinyamaza, acha. Andika hata lugha anayoitumia akiota usiku. Andika makovu aliyokuja nayo, ya chanjo na ya kuungua. Nguo aliyokuwa amevaa siku ile usiitupe wala usiikate kuwa tambara. Ifue, uikunje, uiweke chini ya godoro. Kuna mama anaweza kusahau tarehe lakini asisahau kitambaa alichomshonea mwanawe.

Fanya haraka, hasa kwa wadogo. Mtoto mdogo anasahau upesi kuliko tunavyofikiri. Katika miezi michache lugha ya kwao inaanza kumtoka, anashika ya wenzake wa uwanjani, na jina la mto linapotea nalo. Aliyekuja na miaka 3, akifika 6 bila mtu wa kumkumbusha, anachobaki nacho ni kile ulichoandika wewe.

Mimi mwenyewe nimezaliwa humu Nyarugusu. Kijiji cha baba yangu sijawahi kukikanyaga, lakini nakijua. Najua mlima wake, najua mto unaofurika mwezi wa nne, najua ni mzee gani aliyegombana na babu yangu kwa ajili ya mpaka wa shamba la mihogo. Ningeshushwa pale usiku, naamini ningeuliza njia mpaka nifike kwetu. Nilipewa bure hayo yote, kwa sababu baba yangu ni mtu wa maneno mengi jioni. Mtoto wako wa kulea hana wa kumsimulia. Ana daftari lako tu.

Hii kazi ya kutafuta si ndoto. Wazee wanakumbuka mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, zaidi ya watoto laki moja walitengana na familia zao. Wengi walikuwa kwenye makambi ya Goma na Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na wengine hawakuweza kutaja hata jina lao. Watoto walipigwa picha, picha zikabandikwa kwenye mbao, na watu wakawa wanapita wanatazama, sura moja baada ya nyingine. Maelfu kwa maelfu walirudishwa kwao. Kwa mtoto mkubwa kidogo, jina na kijiji vilitosha. Waliokuwa wagumu kabisa ni wale wachanga, na ndiyo maana picha zilianza.

Msalaba Mwekundu bado wana njia zao mpaka leo. Kuna simu za kuongea na ndugu, na kuna ile barua yao, karatasi isiyofungwa, inayobeba habari za familia tu: nani yu hai, nani amejifungua, tuko wapi. Siasa usiweke humo, vita usiweke, maana haitapita. Na kama mlihama, waambie mlikohamia. Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021 na watu wakapelekwa Nduta, mtu aliyekuwa na anwani ya zamani tu angeweza kudhani watu wake wamepotea mara ya pili.

Lakini picha za leo, nina neno nazo. Usimpige mtoto picha ukaitupa WhatsApp au Facebook ukiandika, "Huyu kapotea, mwenye kumjua apige namba hii." Nia ni njema, najua. Picha hiyo inamfikia mama yake, na inamfikia pia mtu anayetafuta binti wa kupika na kufua bila mshahara, au mtu mbaya kuliko huyo. Atapiga simu, atalia, atasema ni mjomba. Hata hapa redioni hatusomi kila kitu. Tunaweza kutaja jina na eneo, kwa makubaliano na wanaohusika, lakini kovu hatulitaji, nguo hatuitaji, wimbo wa mama hatuutaji. Hayo yanawekwa kando ili anayekuja kudai mtoto ayaseme yeye. Mzazi wa kweli ataulizwa, mtoto ataulizwa, na maelezo yatalinganishwa. Inachukua muda. Usinung'unike, ungetaka iwe hivyo kwa mwanao.

Na mtu akija mlangoni kwako na pikipiki anasema ni shangazi, anataka kumpeleka mtoto Kasulu au Kigoma mjini akasome, hata akitaja majina mawili ya kweli, jibu ni moja: twende ofisini. Anayekataa kwenda ofisini, mpigie kelele, waite sungusungu. Kuna pia namba 116, simu ya kusaidia watoto Tanzania, unapiga bila malipo.

(Muziki mfupi.)

Tumesema ya karatasi. Sasa ya moyo, kwa kifupi, maana muda unanikimbiza.

Mtoto huyu anaweza kukojoa kitandani akiwa na miaka 8. Anaweza kukufuata mpaka chooni, asikubali uondoke. Anaweza kunyamaza wiki nzima, au kucheza mchezo wa kuua na kuzika wenzake kwa udongo. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama ni mapepo. Si mapepo, mama yangu. Ni mtoto aliyeona mambo, na mwili wake bado haujaamini kwamba yamekwisha. Kumchapa kwa shuka lililolowa hakukaushi shuka, kunamwongezea hofu na kesho litalowa tena. Kinachomsaidia ni vitu ambavyo havina bei: uji saa ileile, shule, rafiki wa kucheza naye, mtu mmoja ambaye habadiliki. Wengi wanatulia hivyo hivyo. Asipotulia baada ya miezi, halali, hali, au anasema anataka kufa, mpeleke kwenye kituo cha afya, wapo wanaoshughulika na hayo.

Halafu lile swali la usiku: "Mama yangu atakuja lini?" Hapa wengi tunadanganya. Tunasema kesho. Tunasema ameenda sokoni. Mtoto anakaa njiani anatazama sokoni, kesho na keshokutwa, mpaka siku moja anaacha kukuamini hata unaposema chakula kiko tayari. Mwambie ukweli unaomtosha: "Sijui mama yuko wapi. Tumempa mtu kazi ya kumtafuta. Wakati anatafutwa, wewe unakaa na mimi." Kama mnajua amefariki, aambiwe, na mtu anayempenda, mchana, si kwa kusikia kwa watoto wenzake kwenye foleni.

Na tusiwe na watoto wa sahani mbili. Nalisema hili nikijua posho inavyopungua na jinsi tunavyohesabu vikombe vya unga. Lakini jirani anaona. Mtoto wa kuzaa yuko shuleni, wa kulea yuko kwenye kuni, jua la saa sita. Wa kuzaa ana daftari jipya, wa kulea anapewa mtoto mwingine abebe mgongoni. Kazi za nyumbani sawa, kila mtoto afanye, na za huyu zisizidi za wale. Binti asitumwe kuni peke yake nje ya kambi. Mmesikia ya kutosha juu ya njia hizo. Na wale ndugu watatu wanaojilea, dada mkubwa ana miaka 15, msiwagawane kama mbuzi mkidhani mnamsaidia. Wapitieni mlangoni pao jioni, lakini waacheni pamoja.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimekutana na walezi humu kambini wanaoujua pia, na uchungu wao ni wa namna yake: ni kwamba siku ile tuliyoiomba ikifika, mama wa mtoto akapatikana Uvira au kambi nyingine, wewe ndiye utakayebaki na godoro tupu. Umemlea miaka 6. Anakuita mama. Yule mwingine hamkumbuki sura. Sitakwambia kwamba haiumi. Nakwambia tu kwamba mtoto hachukuliwi mkononi kama mzigo. Wanaangalia manufaa yake kwanza, anasikilizwa mwenyewe kwa kadiri ya umri wake, simu zinaanza, picha zinatumwa, anazoea sauti. Na wewe una haki ya kuuliza: huko anakokwenda pana usalama? Atasoma? Unaweza kuomba mwendelee kuzungumza. Wapo watoto leo wenye mama wawili, mmoja ng'ambo ya ziwa na mmoja hapa, na sikukuu wanapiga simu mbili.

Namalizia na swali lililoletwa kwa karatasi wiki iliyopita. Baba mmoja anauliza: kijana niliyemkuta njiani sasa anakaribia miaka 18, hakuwahi kuandikishwa kutafutiwa wazazi, je, amechelewa? Hapana, baba. Akishavuka 18 hatahesabiwa tena kuwa mtoto kwenye mafaili ya ulinzi, kwa hiyo nendeni wiki hii, msingoje mwezi uishe. Lakini kutafuta ndugu kupitia Msalaba Mwekundu hakuna mwisho wa umri. Watu wazima wanatafutana, hata wazee wanatafutana. Aende mwenyewe, aeleze anachokikumbuka, nawe uende naye ueleze ulimkuta wapi, siku gani, na nani alikuwa kwenye mtumbwi huo. Kama uliandika daftari, beba daftari.

(Muziki wa kufungia unapanda.)